Vyembe Saba Ulivyoniachia, Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Tangu walipokufungua kitambaa cha jicho la kulia nimekuwa nikisema nitaandika nikimaliza kupalilia, nitaandika mtoto akipata usingizi, na sasa mahindi yamebeba mpaka ndevu zinaanza kukauka, sijaandika hata mstari. Siwezi kukudanganya kwamba nilikosa karatasi. Nilikosa moyo.

Kwenye simu nimeshindwa. Kaka Didasi akipokea anaweka spika, wifi anasikia, watoto wanasikia, hata mtu aliyekuja hapo dukani kwake kununua sabuni anasikia. Haya ninayotaka kusema ni yako peke yako. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa na kuruka mstari, uisome mwenyewe kwa hilo jicho lako jipya, usimwite mtu akusomee.

Baba, tuliwaambia kwamba mume wangu alianguka na baiskeli. Hakuanguka. Baba Koleta alichanwa paja na nguruwe pori. Mshale aliompiga nao ulijikunja mbele, na kile chuma cha mbele kilikuwa kimoja kati ya vyembe saba ulivyoniachia siku unaondoka kwenda Mbeya kutibiwa macho. Leo ni Jumatatu. Jumamosi wanatoka tena, naye ameng'ang'ania kwenda na vile sita vilivyobaki. Mimi najua vile sita vikoje. Najua kwa sababu nilichokifanyia kile kimoja, nilivifanyia vyote.

Ngoja nianze nyuma kidogo, la sivyo utanielewa vibaya.

Unakumbuka ule uwanja wetu wa nyuma kule Mwazye, ulikokuwa unafukuta moto wako? Nilikuwa darasa la tatu au la nne. Ulikuwa umepata springi ya lori bovu, umeikata vipande, na ile harufu ya mkaa na chuma ikawa inaingia mpaka kwenye ugali. Mama alikuwa analalamika kwamba anakula misumari. Didasi ulimwita akakushikie mivukuto, akasema anakwenda kwenye mpira, anarudi sasa hivi. Hakurudi. Nikabaki mimi na kopo la maji.

Jioni ile ulitandaza gunia, ukapanga vyembe vyote juu yake, vipana kwa vyembamba, ukaniambia, "Haya Gaude, nichagulie viwili vya nguruwe." Nikachagua vile viwili vilivyokuwa vinang'aa kuliko vyote. Ukavitazama, ukanitazama, ukasema, "Hivi mwanangu ni vya kumchinjia mgeni kuku. Rudisha."

Ukanifundisha pale pale. Kwanza upana: chembe cha nguruwe kiwe na upana wa vidole viwili vya mtu mzima, maana kinapopita lazima kiache njia ya damu. Pili unyoofu: ufunge jicho moja, uangalie mgongo wake kuanzia kwenye shina hadi nchani, na ukiona unapinda hata kiasi cha unywele, weka pembeni, mshale utakwenda kwa jirani. Vile vyenye masikio ya kurudi nyuma ukanikataza kabisa. Ukasema mshale wa masikio ukiingia mahali pabaya hautoki, mnyama anatembea nao siku tatu anaoza mwili angali hai, na wewe hukutaka mnyama yeyote atembee porini na jina lako mgongoni. Mwisho ukaniwekea kimoja sikioni, ukakigonga kwa ukucha. Kikalia, sauti nyembamba ndefu. Ukagonga kingine, kikasema tk, kama mfuniko wa chupa. "Umesikia? Hiki cha kwanza kiko macho. Hiki kimelala." Kilicholala ukakirudisha motoni.

Halafu kunoa. Jamani kunoa! Nililia siku ya kwanza. Kinoo chako kile cheusi ukakilaza juu ya kigogo, ukamwagia maji, ukanionyesha: kuanzia begani kwenda nchani, usirudi, inua, anza tena. Chini ya chembe ubaki uwazi wa kupitisha njiti ya kiberiti, hapo hapo, usizidi usipungue. Mara thelathini upande huu, geuza, thelathini upande huu. Mimi nikawa navuta mbele na nyuma kama nasugua sufuria. Ukacheka. "Unanoa au unamkuna mbuzi?"

Siku nyingine nikachoka, upande wa pili nikaishia ishirini, nikasema thelathini. Ulikuwa umenipa mgongo unasuka uzi wa upinde. Ukaja, ukapitisha ukucha wa dole gumba, ukasema bila kupandisha sauti, "Upande huu umeniibia kumi." Mpaka leo sijui ulihesabu kwa kusikia au ulijua kwa ukucha. Nikarudi nikamalizia zile kumi machozi yananidondoka kwenye jiwe, na wewe ukasema maji ya kunolea yamepatikana bure.

Nilijifunza, Baba. Kufika darasa la saba wanaume wa pale kwetu walikuwa wanakuletea vyao, na wewe unanipa mimi chini kwa chini. Walikuwa wanakusifu, unakohoa tu, unanitazama.

Kuna jambo moja halijaniacha, na ndilo linanisumbua zaidi sasa hivi. Mama alipojifungua yule mdogo wetu wa mwisho, ulitoa podo lako la mishale kule lilikokuwa likining'inia, juu ya kitanda, ukaenda kulitundika kwenye ghala la ulezi. Lilikaa huko mpaka mtoto alipoacha ziwa. Nilikuuliza kwa nini. Ulisema, "Mama yako amechoka, mwache." Basi. Wanawake kisimani walikuwa na maneno mengine. Walisema mwanamke mwenye mtoto ziwani akigusa mishale, chuma kinapoa, hakiingii kwenye ngozi ya mnyama hata ukipige namna gani. Wewe sikuwahi kukusikia ukisema hivyo. Ila podo ulilitoa. Na mimi sikukuuliza tena.

Sasa nikueleze.

Mwaka huu nguruwe wamepanda kutoka kule kwenye mteremko wa Lyamba, wamekuwa wengi kuliko tulivyozoea. Wanaingia shambani, hawali kama watu wenye akili, wanaangusha shina zima wanatafuna nusu ya gunzi wanakwenda kwenye shina jingine. Robo ya shamba letu la juu imelala. Kijiji kiliomba kibali, kikapatikana, cha kuwaua wale wanaoingia mashambani tu, na sumu ya mishale marufuku. Sumu wewe mwenyewe hukuwahi kuipenda. Maana yake kila kitu kikabaki kwenye makali.

Koleta alikuwa na miezi mitano. Baba, mtoto huyu ni mzuri, ana paji lako la uso, lakini halali. Analala kama anayelinda kitu. Mimi nilikuwa nasonga ugali nimesinzia, mara mbili nimetia chumvi kwenye uji wa mtoto nikidhani ni sukari. Katika hali hiyo Baba Koleta akaniletea vile vyembe saba, akasema, "Mama Koleta, wanaume wanatoka wiki ijayo. Ninolee kama anavyonoa mzee."

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharage. Hakuinua hata kichwa. "Mwenye mtoto ziwani hanoi mishale. Mpelekee mwenzako yeyote akunolee."

"Mama, huyu amefundishwa na baba yake, mhunzi."

"Baba yake alimfundisha akiwa msichana. Sasa ni mzazi."

Mimi nikajibu, "Nitanoa." Nilijibu kwa ubishi tu, Baba. Sikuwa na nguvu hata ya kuinua lile jiwe la mtoni ninalotumia, ambalo nalo halina maana, linanoa panga tu. Siku ya kwanza nikamaliza nusu ya chembe kimoja, Koleta akalia. Siku ya pili akalia kabla sijamwaga maji. Siku ya tatu sikugusa.

Siku ya nne nilikuwa na safari ya kwenda Sumbawanga mjini, mtoto alikuwa na upele nikamwonyeshe kwa daktari. Nikavifunga vile vyembe kwenye kitenge, nikaviweka chini ya nepi kwenye kikapu. Nilisema moyoni nikipata foleni ndefu nitanoa hapo hapo nimekaa. Uongo. Nilijua ninakokwenda. Karibu na stendi kuna mafundi wa kuchomelea mageti, wana ile mashine ya kusagia vyuma wanayoiita grainda.

Kijana wa pale akaona nimesimama. "Sista, una shida gani? Jembe? Panga?"

Nikafungua kitenge. Akacheka mpaka akavua miwani yake myeusi. "Mama wa mishale! Mnaenda vitani?"

"Tunaenda kwa nguruwe. Unaweza?"

"Hivi? Dakika mbili."

Na kweli zilikuwa dakika mbili. Zile cheche, Baba, Koleta aliacha kulia akazitazama mdomo wazi. Mimi nikawa nafurahi mtoto anacheka. Kijana akawa anabonyeza chembe kwenye jiwe la mashine mpaka kinakuwa chekundu, anatupa chini, anachukua kingine. Vilipopoa niliona. Kwenye makali, pande zote mbili, ile rangi ya bluu kama mafuta ya taa yanapoelea juu ya maji.

Nilijua, Baba. Usiseme labda nilisahau. Nilikuwa mdogo nilipotia kisu chako kwenye makaa kukikausha mpini, ukakitoa, ukanionyesha ile bluu, ukaniambia ugumu wa chuma umetoka, hapo kisu kitakata siagi tu. Nilisimama pale stendi nimeshika chembe chenye ile ile bluu, na gari la Mpui likawa linapiga honi, na mtoto mgongoni, na nikapitisha ukucha, ukucha ukakwama. Makali kama wembe. Nikajiambia makali si ndiyo haya? Nikafunga kitenge, nikapanda gari, nikalala njia nzima. Nililala vizuri, sijawahi kulala hivyo tangu nijifungue.

Nyumbani Baba Koleta alinyoa vinyweleo vya mkono kwa kimoja, akaruka juu. "Huu mkono wa baba yako kabisa!" Nikasema ndiyo. Akauliza kama niliumia. Nikasema vidole vimeota malengelenge kidogo. Akanipaka mafuta, Baba. Vidole vyangu vyote, kimoja kimoja, na havikuwa na kitu.

Walitoka asubuhi, wanaume watano na mbwa. Yaliyotokea nimeyapata kwa mwenyewe na kwa Mzee Masanja, yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe. Nguruwe dume alitoka kwenye magugu ubavu wake wote uko wazi, hatua kama kumi na tano. Baba Koleta akavuta, akaachia, mshale ukafika pale pale panapotakiwa, nyuma ya bega. Ukagonga. Haukuingia hata kina cha kidole. Chembe kilikunjika kama jani la muhindi juani, mshale ukaanguka chini, na nguruwe akageuka. Mzee Masanja ndiye aliyemmaliza kwa mkuki, nguruwe akiwa ameshamchana mume wangu paja. Anapenda kusimulia alivyopiga kelele siku ile: "Nyie Wafipa! Nguruwe mnamtekenya?" Watu wanacheka. Baba Koleta naye anacheka. Mimi nachukua ndoo naenda kisimani.

Walimleta amekalishwa kwenye baiskeli, damu mpaka kwenye tairi. Ndipo tulipoitunga hiyo habari ya kuanguka. Zahanati walimshona, wakasema bado vidole vitatu ingekuwa mshipa mkubwa. Vidole vitatu. Nikivipanga pajani kwangu naona ni padogo sana.

Na mama mkwe, Baba. "Nilisema, sikusema? Ziwa linamtoka halafu anapapasa mishale ya mwanaume!" Akalichukua podo akalitundika kwake. Kisimani wananisalimia vizuri, halafu macho yanashuka kwenye mikono yangu. Na aliyenitetea ni nani? Ni yule yule aliyechanwa. Amelala, mguu umevimba, anasema, "Mama, mwache mke wangu. Alinoa vizuri, nilijaribu mwenyewe mkononi. Hicho kimoja kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Hivi sita vitaonyesha."

Hivi sita vitaonyesha. Wiki zote hizi nimelala na hayo maneno. Nikimfunga kidonda nayasikia. Juzi mguu umeanza kukanyaga, jana wakaja wenzake kumwambia Jumamosi, akasema yupo.

Baba, naiacha barua hapa kidogo, nainuka. Naona naandika kwako kwa sababu wewe uko mbali. Anayekwenda kuumia yuko hapa uani, amekaa juu ya gunia anapukuchua maharage, na Koleta kamshika kidole gumba.

Nimerudi. Nimemwambia.

Nilisimama mbele yake nikasema, "Baba Koleta, vile vyembe sikuvinoa mimi."

"Alinoa nani?"

"Mashine. Mjini. Siku ile ya upele."

Akaendelea kupukuchua. Ganda moja, la pili. "Uliniambia vidole vimeota malengelenge."

"Nilisema."

"Nikakupaka mafuta."

"Ukanipaka."

Akasukuma maharage pembeni, akainuka kwa kujishika ukuta, akachechemea mpaka kwa mama yake. Nikamsikia, "Mama, naomba podo." Mama mkwe akauliza la nini. "Nataka kusikiliza." Akatoka nalo, akakaa, akachomoa mishale sita, akaanza kugonga vyembe vyake kimoja kimoja kwa ukucha karibu na sikio, kama ulivyomwonyesha siku ulipokuja kufuata ng'ombe wako wa mahari ukaishia kuzungumza mishale. Tk. Tk. Tk. Vyote sita. Akachukua kile kisu ulichotupatia siku ya harusi, akakigonga, kikalia mpaka Koleta akageuza kichwa.

Kisha akasema, "Ungeniambia nikiwa kitandani ningekasirika siku moja. Sasa nitakasirika wiki nzima."

"Kasirika," nikamwambia. "Lakini na hivi huendi."

"Shamba ni langu. Nikae nyumbani, wanaume wengine wanilindie?"

"Ukienda na hivi sita, mimi nambeba mtoto narudi Mwazye, na nyumba ya Mwazye ina popo tu. Nimesema. Nitaishi na popo."

Alitaka kucheka akajizuia, maana ameshasema atakasirika wiki nzima. Mwisho tumeelewana: vikifika vyembe vya kweli kabla ya Jumamosi, na vikanolewa kwenye jiwe, atakwenda na upinde. Visipofika, atakwenda na debe la kupiga kelele, atakaa nyuma na wazee. Hivyo ndivyo alivyosema. Kama atakaa huko nyuma kweli akimwona nguruwe anaingia kwenye mahindi yake, sijui, na ule mguu haukimbii.

Nilidhani mama mkwe akisikia habari ya mashine ataniachia. Alisikiliza yote. Akasema, "Na vyembe vilifikaje mjini? Vilitembea? Si mikono hiyo hiyo iliyovibeba?" Kwake yeye grainda haina kosa, maziwa ndiyo yaliyokifanya chuma kikubali kuchomwa. Nikamwambia, Mama, hata mwanaume angevipeleka pale vingekufa. Akatikisa kichwa. "Wewe ni mtoto. Akisema mhunzi mwenyewe, nitanyamaza."

Na mimi hapo, Baba, nilikumbuka podo kwenye ghala la ulezi. Kila nikifikiri naona kwamba kosa langu ni uchovu. Mtu aliyelala vizuri angeiona ile bluu akarudi nyumbani akasema ukweli. Labda ndivyo ulivyomaanisha kwa Mama, kwamba mkono uliochoka hauhesabu mpaka thelathini, na chuma hakimsamehe mtu kumi. Au labda na wewe uliamini kama wao, ukaona haya kuniambia mimi mtoto wa kike uliyemfundisha. Sijui. Namnyonyesha Koleta nikiwa natazama vidole vyangu, nawaza kama kweli vina kitu.

Basi. Barua hii naipeleka barabarani kesho asubuhi, nitampa kondakta wa basi la Mbeya yule anayemfahamu Didasi. Ninachohitaji ni hiki, na ninakuomba kiteremshwe hapa Mpui Alhamisi, Ijumaa isipite.

Vile vyembe viwili vipana ulivyoondoka navyo kwenye kopo la kahawa. Vipake mafuta, vifunge kwenye kitambaa kizito, mwambie kondakta ukweli kwamba ni vyuma vya mishale, asije akakaa navyo mfukoni akajichoma.

Kinoo cheusi. Najua wifi ananolea visu vya jikoni. Mwambie nitamtumia kilo tano za maharage ya njano, na visu apeleke kwa hao wenye mashine, vya jikoni havina hatari.

Bandeji pana, mbili. Za hapa zikifuliwa mara moja zinakuwa nyuzi.

Sweta la Koleta ambalo wifi alikuwa anafuma. Hata kama halijafika kwenye mikono, lije hivyo hivyo, upepo umeshaanza.

Majibu yako kuhusu vile sita: navyo vinaweza kurudi motoni kama kile kilicholala, vikapata ugumu tena, au ndiyo basi? Kama vinaweza, viive mpaka rangi gani, na nizime kwenye maji au kwenye mafuta? Kama unaona nisijaribu mwenyewe, nitajie mtu wa kule nyumbani ambaye bado anawasha moto.

Na karatasi moja kwa mwandiko wako, ya kumsomea mama mkwe. Mstari mmoja unatosha, hana subira. Andika unachokiamini wewe, usiandike kwa kunionea huruma, yeye atajua na mimi nitajua. Kama ni uchovu, andika uchovu. Na kama na wewe unaamini ni maziwa, Baba, usiandike kitu. Tuma jiwe na vyembe tu. Nitaelewa, nitamkabidhi Baba Koleta anoe mwenyewe, na mimi nitakaa kando kidogo nimempakata mtoto wangu, nimhesabie mpaka thelathini.

Mwanao,
Gaude, Mama Koleta